Ameomba Ruhusa

Siku risasi zilipolia juu ya vilima vya Karuba, kila mtu alikimbia na kile alichoona hawezi kuishi bila kuwa nacho. Kuna aliyebeba godoro. Kuna mama aliyebeba sufuria la maharagi yakiwa bado ya moto. Mchungaji alikuwa akivuta mbuzi aliyekataa kutembea. Katibu wa shirika letu alibeba statuti, yaani katiba yetu. Alizizungushia plastiki, akazitia kifuani chini ya koti, akaweka mkebe wa muhuri mfukoni, na mgongoni akafunga kwa kitenge sanduku la mikroskopi ya shirika, kama mama anavyobeba mtoto. Nguo zake mwenyewe alizisahau kwenye kamba. Nilipomkuta Sake kati ya wakimbizi, amelowa, anatetemeka kwa baridi, neno lake la kwanza kwangu halikuwa pole. Alisema, "Mwanachama, documa zote ziko sawa."

Mimi nilikuwa nimetoka Ngungu na nguo za mwilini tu. Ninafanya kazi ya maabara katika kituo cha afya cha Ngungu, na mikroskopi yetu niliiacha juu ya meza, kwani nani anakumbuka mikroskopi wakati watu wanaruka dirisha? Tuliporudi, tulikuta meza imeibwa na mikroskopi imeibwa. Ya Katibu ilikuwa nzima, haina hata vumbi. Kwa hiyo nimlaani ao nimshukuru, hadi leo sijamaliza kuamua, na msomaji anisaidie akiweza.

Shirika letu lilikuwa shirika la kisayansi la magonjwa ya kuambukiza, lisilo la faida. Hilo la faida ninalishuhudia: halikumfaidisha mtu yeyote. Tulikuwa kumi na mmoja siku tunaanza, wauguzi, walimu wa biolojia, mkunga mmoja, na mimi wa maabara, mdogo kuliko wote. Tulitaka kuchunguza magonjwa yanayopita katika vilima vya Masisi na misitu ya Walikale, tuandike, tupeleke taarifa kwa wakubwa kabla watu hawajafa. Lilikuwa wazo zuri. Halafu tulimpa Katibu kalamu.

Aliandika statuti kwa miezi minane. Muuguzi mzee aliyestaafu, mrefu, kofia nyeusi ya sufu jua liwake ao mvua inyeshe, mwandiko wake umenyooka kuliko wa mashine. Siku ya kusaini alituweka kwenye benchi za kanisa, akapitisha kitabu mkono kwa mkono, kila mtu atie herufi za jina lake chini ya kila ukurasa. Kurasa zilikuwa ishirini na nane. Jikoni kulikuwa kunanukia sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Tulitia herufi mbio mbio, tukala, tukapiga picha. Kumbukeni siku hiyo, mimi nitairudia.

Hakumwita mtu kwa jina lake. Sote tulikuwa "Mwanachama", hata msibani, hata kanisani kwenye kupeana mkono wa amani. Mimi nilikuwa Mwanachama Labo, yaani wa maabara. Mlangoni kwake kuliwekwa ndoo yenye bomba, kwa kuwa sheria za ndani zilisema asiyenawa hana kura. Unanawa, unajifuta, unaingia, halafu yeye anakupa mkono, na mkono wake ametoka kukamua ng'ombe. Nilimwambia siku moja, "Papa Katibu, na wewe unawa." Akanijibu bila kucheka, "Mimi njo nasimamia ndoo."

Barua alizipenda kufa. Ukikaa karibu naye, magoti yanagusana, ukamuuliza kama kuna maji ya kunywa, alikuwa na uwezo wa kukujibu kwa maandishi yenye namba. Nilipomwandikia barua ya kwanza kuomba mikroskopi ije Ngungu kwa mkopo, alikuwa amekaa mbele yangu. Alinipokonya barua, akaipiga muhuri wa kuipokea, akanirudishia kopi, na kusema jibu litanifikia. Lilinifikia baada ya wiki tatu, kwa mkono wake mwenyewe, sokoni, kati ya vitunguu na samaki wakavu. Lilisema mali ya shirika haitoki bila mkutano mkuu kupiga kura.

Na mkutano mkuu ulitaka korumu, yaani ile hesabu ya watu ambayo ikipungua mkutano si mkutano. Ilikuwa wanane kati ya kumi na mmoja. Hapo sasa ndipo wazimu wetu ulipojificha, na naomba mnifuate polepole.

Mwaka wa kwanza, kabla statuti hazijaisha, kulikuwa na kukimbia kwingine, na habari ilikuja kwamba makamu wetu amekufa njiani. Tulimlilia siku tatu. Tulifuta jina lake, tukachagua makamu mwingine. Siku ya nne marehemu akaingia, mguu umefungwa kitambaa, akaomba bugali. Alikula, akashiba, ndipo akaambiwa kwamba nafasi yake imechukuliwa. Alikasirika vibaya sana. "Mulishindwa kungojea hata wiki moja?" alisema. "Mulikuwa munangojea nife?" Kwetu jambo kama hilo si la kushangaza, watu wanapotawanyika, wengi huuawa na maneno tu, kisha wanarudi. Lakini Katibu alilichukua moyoni. Aliandika kifungu cha kenda: mwanachama anatoka katika shirika kwa barua yake, kwa kufukuzwa, ao kwa kifo kilichothibitishwa na mkutano mkuu.

Mnaona? Miaka ikapita, watatu wakafa kweli, wakazikwa, tukatupa udongo kwa mikono yetu. Wawili walivuka mpaka, wako katika kambi ng'ambo, na barua ya kujiuzulu hawakuacha. Nani anajiuzulu huku anakimbia? Tulibaki sita. Korumu ni wanane. Kuwafuta marehemu kunataka mkutano mkuu, na mkutano mkuu unataka wanane, na wanane hawafiki mpaka marehemu wafutwe. Tukawa shirika la kisayansi linalosubiri wafu wanawe mikono.

Kila miezi mitatu alituita vilevile. Alisimama, akafungua orodha, akaita majina kwa mpangilio wa alfabeti. Aliye hai alijibu "Niko!" Jina la marehemu likiitwa, kimya. Katibu alingoja kidogo, kwa heshima, kisha akasema mwenyewe, "Ameomba ruhusa," na kuandika. Halafu akahesabu, akatikisa kichwa, akatangaza kwamba korumu haikutimia, na akafunga mkutano kwa sala ndefu kuliko mkutano.

Nilicheka, sikatai. Tulicheka wote tukirudi nyumbani. Aliyeacha kucheka mapema ni muuguzi wa Ntoto, kutoka Walikale kule msituni. Alitembea siku mbili kwa mguu akiwa na daftari la watoto wenye vipele ambavyo hakuwa amewahi kuviona, amechora hadi umbo lake. Katibu alimpokea vizuri, akamwekea maji ya kuoga, akampa kitanda chake mwenyewe. Asubuhi akayaweka mambo yake mwishoni mwa ajenda, pale panapoitwa diveri, ambapo yale yasiyo na kichwa hutupwa. Korumu haikutimia, diveri haikufikiwa. Yule kaka alikunja daftari lake taratibu, akasema, "Basi nirudi niwaambie watoto wangojee." Hakuja tena.

Lakini msifikiri Katibu alikuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kwangu. Mbele ya kitanda cha mgonjwa alikuwa mtu mwingine kabisa. Alipokuwa bado kazini alishuka hadi Mushaki kwenye matope kuchukua chanjo, akapanda nazo kichwani mchana uleule ili zisipate joto. Hata baada ya kustaafu, mtu akibisha mlango wake na kidonda kinanuka, hakuuliza karata ya kliniki wala barua ya kituo. Alikunja mikono ya shati, akaosha usaha, akimtania mgonjwa asisikie uchungu. Kisha mgonjwa akitoka, anavaa koti, anakaa mezani, na pale mezani alikuwa msiba mtupu.

Mkewe ndiye peke yake aliyeweza kumkata maneno. Yeye alikuwa mkunga wetu, mwanachama namba mbili, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu kilima hadi kilima. "Papa," alisema mbele yetu sote, "andikia na bugali artikle, tujue nani anaanza kunawa." Katibu alicheka mpaka kofia ikaanguka. Sikumwona akicheka vile kwa mtu mwingine. Ni huyu mama aliyefuma kwa uzi mweupe kitambaa cha kufunika sanduku la mikroskopi, chenye maua pembeni.

Kipindupindu kilipoingia katika kambi ya wakimbizi, sisi wanasayansi tulijadili kama shirika litoe taarifa. Mama hakungoja kura. Alikwenda na ndoo na klorini, akaosha watu wiki mbili, na wiki ya tatu akaoshwa yeye. Alikufa mchana, mmoja wa wale watatu niliowataja, mikononi mwa mumewe, aliyekuwa amemtundikia maji ya mshipa kwenye msumari wa ukuta. Shirika la magonjwa ya kuambukiza halikuandika hata mstari mmoja juu ya kipindupindu kile. Katika mkutano uliofuata, Katibu alilifikia jina lake, jina la pili katika orodha. Alilisoma. Nilisikia ndoo ya mlangoni inadondosha matone. "Ameomba ruhusa," akasema, na kalamu ikaandika bila kutetemeka. Hakuna aliyecheka siku hiyo.

Sasa nifike kwenye kile kinachoniuma.

Kwetu Ngungu, mtu akikohoa wiki tatu, ninamwambia ateme katika kikopo. Kama ningekuwa na mikroskopi, kesho yake angejua kama ni kifua kikuu, na kesho kutwa angeanza dawa, kwa maana dawa ziko, zinaoza kwenye kabati. Bila mikroskopi, kikopo kinapanda moto, yaani pikipiki, kinapigwa jua, kinapita vizuizi, kinafika mjini kimemwagika ao hakifiki. Kulikuwa na papa mmoja, mkulima wa maharagi, shamba lake liko nyuma ya kituo. Alitema mara ya kwanza, jibu halikurudi. Alitema mara ya pili, waliniambia kikopo kimepotea. Aliniletea kila mara maharagi katika kofia, ananiuliza, "Dada, mashini yangu imejibu?" Mara ya tatu hakuwa na nguvu ya kutema. Tulimzika Jumamosi.

Jumatatu nilikwenda Karuba mkutanoni, na nilikuwa nimebeba hasira yangu yote. Sikungoja sala ya kufungua. "Papa Katibu, muntu amekufa!" nilipiga kelele. "Amekufa, na mikroskopi iko pale, inavaa kitambaa!"

Aliinua macho. Midomo yake ilisogea kidogo. Halafu akasema, "Mwanachama Labo, pointi hiyo iko kwenye diveri."

Nilipiga teke ile ndoo ya kunawa. Ilibingirika mpaka kwenye ng'ombe. Niliondoka nikilia barabarani kama mtoto, na niliapa kwamba sitaweka tena mguu katika nyumba ile. Mjane wa yule mkulima ndiye aliyeniambia baadaye kwamba siku ya kumaliza kilio kulikuwa na mzee mrefu, kofia nyeusi, aliyekuja kwa mguu kutoka mbali, akakaa nyuma kabisa mpaka jua likashuka. Sikutaka kusikia habari hiyo. Ilinivurugia hasira.

Barua yake nyingine ilinifikia mwaka huu, baada ya miaka sita tangu ombi langu la kwanza. Muhuri, namba, mwandiko ulionyooka, ila sasa mistari ilikuwa inashuka upande wa kulia. "Mwito wa pili," iliandikwa juu. Mwito wa pili? Sikuwahi kuona neno hilo. Wale wengine wanne, mmoja alikuwa amehamia Goma, wengine walichoka. Nilipanda moto kwenda Karuba, nikijiambia kwamba ninakwenda kumtukana kwa mara ya mwisho.

Alikuwa ameweka benchi nje, uani. Alikuwa amekonda, koti linamning'inia. Ndoo ilikuwa mahali pake, imebonyea pale nilipoipiga. "Tukae hapa nje kwenye upepo," alisema, akakohoa ndani ya kitambaa, kikohozi kirefu cha kukunja mgongo. Sikio langu la kazi lilisikia mara moja. Nilinawa, nikakaa. Tulikuwa wawili, na benchi za watu kumi na mmoja.

Alisoma kifungu cha kumi na saba, sehemu ya pili. Korumu ikikosekana, mkutano utaitwa mara ya pili katika siku kumi na tano, na huo wa pili utaamua kila kitu, hata wakija watu wawili.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Hiyo uliiongeza lini?"

"Tangu mwanzo iko."

"Papa Katibu! Tangu mwanzo? Na miaka yote hii unatuambia korumu, korumu?"

"Iko ukurasa wa kumi na kenda." Alifungua kitabu, akakisukuma kwangu. "Angalia chini."

Chini kulikuwa na herufi zangu. Nilizitia mimi, siku ya sombe. Herufi za watu kumi na mmoja zilikuwa pale, tumesaini ukurasa ambao hakuna aliyeusoma. Miaka sita nilimtukana mtu kwa mlango ambao ufunguo wake nilikuwa nimeusainia.

"Kwa nini hukusema?" nilimuuliza.

Alikunja kitambaa chake mara nne. "Ningeita mara ya pili, mungewafuta," alisema. "Kwa artikle ya kenda. Wote watatu."

Ndipo nilielewa alichokuwa akilinda, na haikuwa mikroskopi.

Tulianza. Alisoma jina la marehemu wa kwanza, akauliza nani anakubali kwamba amekufa. Tuliinua mikono, akaandika. Akasoma la pili, tukainua. Yeye ambaye hakuwahi kuvunja alfabeti hata kwa mgeni wa heshima, jina la mkewe alikuwa amelipeleka mwisho. Alilisoma. Alivua kofia, sikuwahi kuona kichwa chake, kilikuwa cheupe chote. "Nani anakubali?" akauliza, na mkono wake ukapanda, ukakaa juu, ukanisubiri. Nilikuwa nimelitamani jambo hili miaka sita, na mkono wangu ulikataa. Aliniangalia. "Mwanachama," akasema kwa sauti ndogo, "usiniache peke yangu." Nikainua.

Aliandika: kura mbili, hakuna aliyepinga. Akaweka kalamu chini.

"Njo sasa amekufa," alisema.

Kura ya mikroskopi ilichukua dakika moja. Aliingia ndani, akatoka na sanduku, akaondoa kile kitambaa cha maua, akakikunja na kukitia kifuani, pale statuti zilipokaa siku ya kukimbia. "Hiki hakiko mali ya shirika," alinieleza. Kisha akanipa taarifa ya mkutano nitie herufi kila ukurasa. Safari hii nilisoma. Nilisoma hata nukta. Ukurasa wa mwisho, chini ya diveri, alikuwa ameandika kabla sijafika: Katibu anakohoa tangu wiki saba. Anaomba kuchunguzwa, lakini baada ya wagonjwa wa Ngungu wanaongojea.

"Hapa ninapinga," nilimwambia. Nilitoa kikopo mfukoni. "Tema, Papa."

Alitafuta kifungu kichwani mwake, nilimwona anatafuta, akakikosa. Akatema.

Siku mbili baadaye alikuja Ngungu kuchukua jibu. Alikaa kwenye benchi kati ya wagonjwa, magoti pamoja, kofia juu ya magoti. Nilianza kuita majina katika rejista yangu, na la kwake lilipofika alisimama wima. "Niko!"

Nilimwambia vijiti vyekundu, wale wadudu wa kifua kikuu, viko vingi, kwamba amechelewa, kwamba atakunywa dawa miezi sita bila kuruka siku. Alitikisa kichwa kama mtu anayesomewa ajenda. Halafu akauliza, "Mashini imeona wengine?"

"Watatu. Tangu juzi."

Nje watu walikuwa wanakohoa. "Siku mbili, watatu," alisema. "Kwa miaka sita iko watu wangapi, Mwanachama?"

Swali hilo nililiweka miaka yote hiyo nimrushie usoni. Sasa amelishika mwenyewe, amenyoosha mkono ananipa, na mimi sikuwa na hamu nalo tena. Nilimimina maji katika kikombe, nikaweka vidonge vyake vya kwanza kwenye kiganja chake. Alivimeza mbele yangu kimoja kimoja, akajifuta mdomo, akauliza asaini wapi.